Maombi ya Kimya

Jina lake la ubatizo tulilijua wachache. Mtaani, kanisani, hata kwa wateja waliomletea viatu kwa mara ya kwanza, alikuwa Fundi Kimya. Hakuchukizwa nalo. Aliwahi kuniambia kwamba jina fupi linampunguzia kazi.

Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Katika mafundisho ya dini alisimamishwa siku moja mbele ya wenzake aseme sala ambayo kila mtoto pale aliijua, na neno la kwanza likamgomea mdomoni. Akabaki anatikisa kidevu huku wengine wakiangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akiuma midomo ili asicheke. Alirudi kuketi bila kuisema. Tangu hapo hakufungua tena kinywa chake mbele ya mkutano, iwe kwa sala au kwa ushuhuda. Kuimba aliimba, tena vizuri, maana katika wimbo maneno yalimtoka bila kukwama, na hakuna aliyejua kwa nini. Zamu ya kuomba ilipomfikia aliinamisha kichwa, na mkewe akaendelea kana kwamba hakuna aliyerukwa.

Mkewe tulimwita Mama Maombi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene kidogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Kimya alimwoa kwa sababu ambayo mtu mwingine angeiona ndogo. Watu wote waliozungumza naye walikuwa na haraka ya kummalizia maneno. Akianza tu, wao wanadaka: unataka hiki, unaumwa, unauza? Yule msichana aliyeleta viatu vyake kushonwa kamba alikaa kwenye benchi, akasubiri mpaka sentensi ikafika mwisho wake, ndipo akajibu. Kimya alisema viatu vile alivishona taratibu kuliko viatu vyovyote maishani mwake, ili mwenyewe aendelee kukaa.

Walifanya kazi katika chumba kimoja kilichotazama barabara. Upande wa kushoto palikuwa na kigoda cha Kimya, ule mguu wa chuma anaouvisha kiatu ili akigonge, kopo la gundi, na nyuzi alizozipaka nta na kuzining'iniza kwenye msumari. Upande wa kulia, chini ya dirisha, palikuwa na cherehani ya mkewe. Benchi la wateja lilikuwa katikati. Nyuma ya pazia kulikuwa na vyumba viwili walimolala na kupikia, na ambamo walimlea binti yao wa pekee mpaka akaolewa mji mwingine. Mimi nilikuwa nikioka mikate mlango wa tatu kutoka kwao, na kila nilipokwenda kuwapelekea mkate nilisikia sauti ya mama peke yake. Aliongea na wateja, aliongea na cherehani, na aliongea na Mungu, mara nyingine yote kwa pumzi moja. Walikuwa wakisema mtaani kwamba ukimpelekea suruali akupunguzie, unarudi umepunguziwa na mzigo wa moyoni.

Jumatano alasiri waliegesha kazi pembeni, na sisi wa kikundi cha maombi tukaingia mmoja mmoja, tukijibana kwenye benchi na juu ya marobota ya vitambaa. Hatukuwa watu wakubwa. Alikuwepo muuza mkaa, mama mjane ambaye mikono yake haikupata kutakata kwa sabuni yoyote. Alikuwepo mlinzi wa ghala, nesi mstaafu, mimi, na wengine waliokuja wakipata nafasi. Mama Maombi aliongoza. Akianza kuomba ulijisikia umebebwa, na ukweli ni kwamba wengi wetu tulizoea kubebwa.

Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mama alikuwa anashona sare za kwaya, na Kimya anabandika kisigino. Alisikia cherehani ikienda bila kupumzika, ikipita mahali ambapo mshono ulipaswa kukatwa. Alipoinua macho aliona kitambaa kimekwenda upande, sindano inatoboa hewa, na mguu wa mkewe bado unakanyaga. Akamwita. Mama akageuka, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kama mtu anayeongea na maji mdomoni. Kisha akaanguka juu ya sare.

Tulimpakia kwenye gari la jirani anayesambaza vinywaji. Kimya alikaa nyuma pamoja na makreti, amempakata mkewe kichwa mapajani, na njia nzima sikuona midomo yake ikitikisika. Hospitalini daktari alieleza kwa upole kwamba ni kiharusi, kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa kichwani, na kwamba pale palipoumia ndipo panapotawala mkono wa kulia na usemi. Ataishi, alisema. Mengine tungoje.

Tulingoja tukiomba. Tuliomba wodini mpaka wauguzi wakatuomba tupunguze sauti. Wote tulikuwa na hakika kwamba mwanamke aliyewaombea watu wengi vile, Mungu hatamwacha. Tulisema atasimama, atasimulia, na mtaa mzima utashangaa.

Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Na katika maneno yake yote, yale mengi yaliyokuwa yakimiminika bila kikomo, lilibaki moja tu: bado. Ukimuuliza kama ameamka vizuri, bado. Kama anaumwa, bado. Umeshiba, mama? Bado, na huku anausukuma ule uji kando kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni tulicheka kidogo, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka, tukaacha. Nesi mstaafu alitueleza kwamba akili yake ni nzima, anaelewa kila kitu, ila njia ya kutokea maneno imefungwa. Kila alichotaka kusema ndani kilikuwa kamili. Kikifika mdomoni kinageuka kuwa lile lile.

Sisi tukaanza kummalizia. Akisema bado, mmoja anasema maji, mwingine anasema mto, wa tatu anafungua dirisha. Kimya pekee ndiye ambaye hakufanya hivyo. Alimkalia mbele, akamtazama, akasubiri mpaka jicho au kidole kimwonyeshe alichotaka. Wateja waliweza kusimama mlangoni na viatu mkononi, yeye bado anasubiri.

Hayo tuliyaona. Mengine alinisimulia baadaye sana, kidogo kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake.

Alisema kwamba nyumba iliponyamaza aligundua kuwa yeye hajui kuomba. Kwa miaka yote alikuwa ameitikia amina kwenye maombi ya mkewe, na akaridhika kwamba ya wawili yanatosha kusemwa na mmoja. Sasa mkewe alimtazama kila asubuhi kabla ya chai, saa waliyozoea kuomba, na akasubiri. Kimya alijaribu kusema maneno ya mkewe, yale aliyoyasikia mpaka akayajua yote. Yakamkwama. Hata alipoyasema moyoni, pasipo kigugumizi, yalimpwaya kama viatu vya mtu mwenye mguu mkubwa. Akaacha. Akawa anamshika mkewe mkono wanakaa tu, kisha anakwenda kuwasha jiko.

Na alikuwa na hasira. Alisema jambo hilo akitazama chini. Alikuwa akigonga misumari na kumuuliza Mungu kwa nini amechukua ulimi wa yule aliyeutumia, akauacha huu wake usiofaa kitu. Ilimjia pia hofu mbaya zaidi, kwamba huenda Mungu alikuwa akimjua mkewe tu, na yeye aliruhusiwa kuingia kwa sababu ya kuandamana naye.

Kazi za kumuuguza zilimshinda mwanzoni. Binti yao alikuja, akakaa alivyoweza, akataka kuwachukua wote wawili, lakini mama alitikisa kichwa kwa ukali mpaka mjadala ukaisha. Binti alipoondoka, Kimya alibaki na kumwogesha mkewe, kumgeuza, kumvisha, kumlisha. Asubuhi moja aliazimia kumsuka nywele, kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa kujipenda na nywele zilikuwa zimefumuka. Alidhani mtu anayeshona ngozi hawezi kushindwa na nywele. Alichana, akagawa, akasuka kwa nguvu kama anakaza kamba ya buti, akamletea kioo. Mistari ilikwenda huku na huku, mmoja umeishia sikioni. Mama Maombi alijitazama. Akacheka mpaka kiti kikatikisika, cheko lake la zamani lenyewe, lisilohitaji maneno.

Kimya alisema hapo ndipo alipoona jambo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba jioni alilala na viatu, na kila asubuhi aliamka hana nguvu hata kidogo, na bado kila asubuhi kazi ilifanyika. Hakujua nguvu hizo zinatoka wapi. Hazikuwa zake. Hakuziomba vizuri, hakuzistahili, na alikuwa amemkasirikia mwenye kuzitoa. Aliketi na chanuo mkononi, mkewe anacheka, na akasema ndani ya moyo wake: basi unanijua na mimi. Haikuwa sala ndefu. Alisema ndiyo ya kwanza iliyokuwa yake.

Kikundi chetu kilikuwa kimelegea. Jumatano tulikusanyika bado, lakini bila mama kuongoza tulitegeana. Ndipo mmoja wetu akamleta mwinjilisti mgeni. Alikuwa kijana mwenye sauti kubwa na moyo wa bidii, na sitaki kumsema vibaya, maana alitupenda kwa namna yake. Siku hiyo chumba kilijaa mpaka mlangoni. Mwinjilisti aliweka mkono juu ya kichwa cha Mama Maombi, akaomba, akaamuru ulimi ufunguke, akamwambia ataje jina la Yesu.

Mama alikusanya nguvu zote alizokuwa nazo. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Bado," alisema.

Akaomba tena, na tena. Jasho lilimtoka. Mwishowe alirudi nyuma akatuambia kwamba Mungu yuko tayari kuponya, ila kuna kizuizi. Akamwinamia mama, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Mama, kuna jambo hujaliungama. Uliache leo."

Mama Maombi alimtazama. Machozi yalimshuka usoni, upande unaohisi na upande usiohisi. Aliinua mkono wa kushoto kama mtu anayejikinga. "Bado," alisema, "bado, bado," na hatukujua anakataa, anaungama, au anaomba aachwe. Mlinzi wa ghala alikazia macho sakafu.

Kimya alikuwa amesimama kando ya pazia, ameshika kitambaa cha kumfutia mkewe mdomo. Alipita katikati yetu, akamfuta machozi kwanza, taratibu, kisha akageuka. Niliona kidevu chake kimeanza kutikisika.

"Mtumishi," alisema, "ke-ke-keti kidogo."

Mwinjilisti aliketi.

Sitaandika jinsi kila neno lilivyomkwama. Ilikuwa kama kumtazama mtu anapanda ngazi na gunia mgongoni. Neno moja likikwama alifumba macho, akangoja, likapita. Na sisi, sijui kwa nini, hakuna hata mmoja aliyemmalizia.

"Mke wangu hawezi kukujibu, nitakujibu mimi," alisema. "Nimeishi naye tangu tukiwa vijana. Ana dhambi, kama mimi. Anakasirika upesi, na hapendi kuambiwa mshono wake umekwenda upande. Mungu anayajua hayo, na alimpenda nayo. Lakini kama nguvu za Mungu zinangoja mpaka sisi tuwe safi ndipo zifanye kazi, basi humu ndani hakuna atakayepona. Hata wewe, mwanangu."

Kisha akasema tuombe. Nilidhani atamtaja mtu wa kuomba. Akapiga goti mwenyewe, palepale kati ya kigoda chake na kiti cha mkewe, akamshika ule mkono usiohisi.

"Mungu," alisema, na jina hilo lilimchukua muda mrefu. "Hatuna kitu. Wewe unacho. Huyu ni wako, akisema na asiposema. Mimi pia ni wako. Ukimponya, tutashukuru. Usipomponya, tushike. Tushike tu. Amina."

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yote. Muuza mkaa alilia kwa sauti. Mama Maombi alikuwa amemwinamia mumewe, paji la uso wake juu ya kichwa chake, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu augue.

Hakupona siku ile. Nalisema wazi, maana mtaani yalipita maneno yaliyotiwa chumvi. Yule mwinjilisti alirudi kesho yake asubuhi, peke yake, akakaa kwenye benchi la wateja na kumwomba mama radhi. Mama alimpapasa shavu kwa mkono wa kushoto. Alipotaka kuondoka alisimama mlangoni akamwambia Kimya kwamba yeye mwenyewe ana mama kijijini ambaye amepooza, kwamba amemwombea mpaka amechoka, na kwamba hajamwambia mtu. Akauliza kama angeombewa. Kimya aliweka nyundo chini. Alikuwa amefikiri jambo la jana lilikuwa la mara moja, alinieleza, na alikaribia kukataa. Akamwombea, kwa maneno machache kama ya jana, na kwa kukwama kulekule.

Ikawa hivyo. Watu walileta viatu, wakabaki kidogo. Jumatano aliongoza yeye, na maombi yetu yakawa mafupi sana, kiasi kwamba muuza mkaa alisema sasa anaweza kuja bila kuacha mtu wa kulinda magunia. Kigugumizi hakikumtoka. Hakuna aliyejali tena. Jambo jingine lililobadilika ni sisi wengine. Mtu akisikia sala iliyokwama namna ile ikifika, anaacha kuogopa ya kwake. Mlinzi wa ghala aliomba kwa sauti kwa mara ya kwanza akiwa na mvi kichwani. Nami pia.

Mama Maombi alipata maneno mengine machache kadiri miaka ilivyokwenda: ndiyo, chai, jina la binti yao, na siku moja, bila kutarajiwa, asante. Mkono wake haukurudi. Cherehani alipewa msichana wa jirani aliyetaka kujifunza, naye mama akamsimamia kutoka kwenye kiti, akigonga meza kwa kidole pale mshono ulipokosewa. Alimkasirikia vizuri tu. Nywele zake ziliendelea kusukwa na mumewe, naye Kimya alikuja kuwa hodari, mpaka wanawake wa kwaya wakamtania kwamba amekosea kazi tangu mwanzo.

Kiharusi cha pili kilimjia msimu wa mvua, asubuhi, akiwa anakunywa chai. Safari hii hakukuwa na muda wa kutafuta gari. Kimya alimpakata sakafuni, na nilipofika mbio na unga mikononi nilimkuta anamwimbia, maana katika wimbo maneno hayakumkwama. Aliendelea kuimba hata baada ya mimi kuona kwamba mama amekwisha kwenda. Nilikaa chini kando yake mpaka alipomaliza ubeti.

Kaburini tulidhani ataomba. Mchungaji alimpa nafasi, naye akatikisa kichwa. Jumatano iliyofuata tulikusanyika kama kawaida. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimekunjwa ukutani, na Kimya alikaa kwenye kigoda chake, mikono katikati ya magoti. Ilipofika saa ya kuomba alifungua kinywa, na hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Safari hii haikuwa kigugumizi. Alituangalia kama mtu aliyefika mwisho wa uzi, akasema kwa shida kwamba leo hana, tumsamehe.

Muuza mkaa alikuwa ameketi karibu naye. Mwanamke yule hakuwa amewahi kutuongoza hata siku moja. Alifuta viganja vyake kwenye kanga, ingawa haikusaidia, akamwekea fundi mkono begani, ukaacha alama nyeusi kwenye shati lake jeupe la msiba.

"Baba," alimwambia Mungu, "huyu kaka yetu amechoka. Mbebe. Sisi tutamshika upande huu."

Akatuangalia kama anauliza kama yametosha. Kimya alikuwa analia, kichwa ameinamisha, na hakujizuia. Tuliingoja amina yake. Ilikwama muda mrefu, na hakuna aliyeisema kwa niaba yake. Kisha ikatoka.